Sentimita 65: Mbwa Mlinzi na Kipimo Chake

Tarehe 3 Aprili 1899, Max von Stephanitz na mwenzake Artur Meyer walikuwa wakizunguka kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Stephanitz alikuwa na miaka 34, kapteni wa askari farasi aliyeacha jeshi, na kwa muda mrefu alikuwa na shauku moja: kumpata mbwa wa wachungaji wa kondoo aliyekamilika, amfanye baba wa ukoo mzima. Siku hiyo akamwona. Aliitwa Hektor Linksrhein, mbwa wa rangi ya kijivu na manjano kama mbwa mwitu wa Ulaya, masikio wima, macho makini.

Hakuwa jitu. Kutoka ardhini hadi mabegani alikuwa na sentimita 60 na kidogo, kimo kinachofika katikati ya paja la mtu mzima. Stephanitz akamnunua, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, na tarehe 22 Aprili, siku 19 baadaye, akaanzisha pamoja na wenzake chama cha wafugaji wa mbwa mchungaji wa Kijerumani, kinachojulikana hadi leo kwa herufi SV. Katika daftari la ukoo la chama hicho, Horand akaandikwa namba 1. Mbwa wote tunaowaita German Shepherd, wawe wa polisi au wa nyuma ya geti lenye kibao cha "Mbwa Mkali", ukoo wao unarudi kwake.

Kipimo chake nacho kilirithiwa. Kwa kanuni ya leo, dume awe na sentimita 60 hadi 65 mabegani na uzito wa kilo 30 hadi 40. Jike awe na sentimita 55 hadi 60, kilo 22 hadi 32. Akipita kipimo au kukipungukia kwa zaidi ya sentimita 1, hafai kuzalishwa. Mtu anayetafuta mbwa wa kutisha wezi anaweza kushangaa: kwa nini mlinzi awekewe dari? Jibu liko shambani, kwa wachungaji ambao hawakumpima mbwa kwa fimbo.

Uzio wenye miguu minne

Katika karne ya 19, sehemu kubwa ya mashamba ya Ujerumani haikuwa na uzio. Vipande vya ngano, viazi na majani vilipakana ubavu kwa ubavu, na kati yake palikuwa na mfuo tu wa jembe. Mchungaji mwenye kondoo mamia kadhaa aliwapitisha katikati ya mazao ya watu, na kondoo, kama tunavyomjua, hana habari na mpaka wa jirani. Kwa hiyo mbwa ndiye aliyekuwa uzio. Alishika ule mfuo, akawa anakimbia kwenda na kurudi kwa mwendo wa mchakamchaka, asubuhi hadi jioni. Kondoo akiingiza shingo kwenye ngano, mbwa anamrudisha. Akimuuma akamtoa damu, mchungaji ana kesi na mwenye mifugo.

Kazi hiyo ndiyo iliyopima miili. Mbwa mzito alikuwa hoi kabla ya adhuhuri, na jioni alikula chakula cha mbwa wawili katika nyumba ambayo mkate wenyewe ulihesabiwa. Mbwa mdogo kupita kiasi alidharauliwa na kondoo dume. Aliyebaki ni yule wa kati: mwenye miguu ya kutosha kufunika ardhi kwa hatua ndefu, na uzito wa kutosha kusimama mbele ya dume lenye pembe. Hakuna aliyeandika kanuni. Mchungaji alizalisha aliyefanya kazi, asiyeiweza hakuacha uzao.

Kila jimbo lilikuwa na sura yake. Mbwa wa Thüringen, katikati ya nchi, walikuwa wadogo, wepesi, wa kijivu, masikio wima. Wa Württemberg, upande wa kusini, walikuwa wakubwa zaidi, wazito wa mifupa na watulivu. Horand alitokana na wale wa Thüringen. Mfugaji wake wa awali, Sparwasser, alikuwa mtu wa Frankfurt. Stephanitz akampandisha kwa jike wa damu ya kusini aliyeitwa Mores Plieningen, wakapata Hektor von Schwaben, aliyekuwa bingwa wa taifa mwaka 1900 na tena 1901. Wepesi wa Thüringen ukafungiwa nira moja na mifupa ya kusini.

Kutoka kondoo hadi jambazi

Kapteni huyo alikuwa na bahati mbaya ya wakati. Alianza kumtukuza mbwa wa kondoo katika miaka ambayo ufugaji wa kondoo wenyewe ulikuwa unaporomoka nchini mwake. Sufu ya bei nafuu ilikuja kwa meli kutoka Australia, malisho ya wazi yakalimwa, reli zikachukua kazi ya kuswaga mifugo. Mbwa wa mchungaji alikuwa hatarini kubaki pambo.

Stephanitz akamtafutia ajira mpya. Mwaka uleule wa 1899, mji wa Ghent nchini Ubelgiji ulianza kuwatumia mbwa kwenye doria za usiku za polisi, na majiji ya Ujerumani yakafuata mkondo. Kapteni akawabishia hodi wakuu wa polisi, akawaomba wamjaribu mbwa wake. Ili kuthibitisha kwamba mbwa anaifaa kazi, wafugaji wakatunga mitihani: kufuata nyayo, kutii, kumkamata mtu anayekimbia na kumwachia kwa amri moja. Mitihani hiyo imebadilika mara nyingi, ila roho yake ni ileile. Mbwa anaruka kiunzi cha mita 1. Anapanda ukuta wa mbao wa mita 1.80, anashuka upande wa pili, anarudi na kigogo mdomoni. Katika mtihani wa pumzi anakimbia kilomita 20 ubavuni mwa baiskeli, kwa kasi ya kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Akifika, mwamuzi anamwinua miguu mmoja mmoja, anatazama nyayo kama zimechubuka.

Tazama mitihani hiyo kwa jicho la kapteni, utaona mfuo wa shambani umejificha ndani yake. Kilomita 20 ni siku ya kondoo iliyofupishwa. Ukuta wa mita 1.80 ndio unaomkataa mbwa wa kilo 60: kuupanda pengine ataupanda, lakini kila akishuka, mabega na viwiko vyake vinalipa. Kazi ilikuwa mpya, lakini mwili uliotakiwa ulikuwa ule wa zamani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimaliza ubishi kuhusu uwezo wake. Jeshi la Ujerumani lilimtumia kupeleka ujumbe, kulinda na kutafuta majeruhi kati ya mahandaki. Na hapo, pamoja na sifa, ndipo matatizo ya ukubwa yalipoanza.

Dola, sinema na miguu mirefu

Askari wa Marekani walirudi kwao mwaka 1919 na hadithi za mbwa huyu. Mmoja wao, Lee Duncan, alirudi na mtoto wa mbwa aliyemwokota Ufaransa. Jina lake Rin Tin Tin. Kabla hajawa nyota, mbwa mwingine wa Kijerumani aliyefunzwa kazi ya polisi, aliyeitwa Strongheart, alikuwa tayari kwenye filamu tangu 1921. Filamu ya Rin Tin Tin ya 1923 ikawasha moto. Kila familia yenye uwezo ikataka mbwa wa namna ile.

Ujerumani wakati huo ilikuwa na njaa ya fedha. Mwaka 1923 marki ilianguka hadi watu wakabeba noti kwa vikapu, na mfugaji aliyemuuza mbwa kwa dola aliweza kulisha nyumba yake. Mnunuzi wa mbali hakuwa na kondoo, wala hakumpeleka mbwa kwenye ukuta wa mbao. Alitaka wa kuvutia macho, na kitu cha kwanza machoni ni kimo. Wafugaji wakafuata soko. Ndani ya miaka michache mbwa wakarefuka miguu, wakafupika mgongo, wakawa wa umbo la mraba kama meza. Mbwa wa umbo hilo anapendeza akisimama, ila kwenye mchakamchaka hatua zake ni fupi na miguu ya nyuma inakanyaga ya mbele.

Namna jambo hilo lilivyotokea haraka ilikuja kuelezwa na sayansi miongo mingi baadaye. Kimo cha binadamu kinaamuliwa na maelfu ya jeni, kila moja ikisukuma kidogo. Kwa mbwa, jeni zipatazo 20 zinabeba sehemu kubwa ya tofauti yote ya ukubwa kati ya aina na aina. Mfugaji akichagua warefu tu kwa vizazi vitatu au vinne, jibu analiona kwa macho yake.

Stephanitz aliliona mapema. Alikuwa amekwisha kuanzisha utaratibu wa kuwakagua mbwa kabla ya kuruhusiwa kuzaliana, kila mmoja akipimwa na kuandikiwa aina ya mwenza anayemfaa. Lakini wafugaji humwiga bingwa, hawaigi karatasi. Kwa hiyo mwaka 1925, kwenye maonyesho makuu ya taifa, akiwa yeye ndiye mwamuzi, akawapita mbwa warefu waliopendwa na umati, akampa ubingwa dume aliyeitwa Klodo von Boxberg. Klodo alikuwa mfupi wa miguu kuliko mitindo ya siku zile, mrefu wa mwili, aliyekuwa karibu na ardhi, na hatua yake ilifika mbali. Ubingwa ule ulikuwa tangazo. Majike wakapelekwa kwake kutoka pande zote, kisha akauzwa Marekani, akaacha damu yake pande mbili za bahari. Mwaka 1929 mwanawe, Utz vom Haus Schütting, akatwaa ubingwa naye.

Dawa ilifanya kazi, na kama dawa nyingi, ilikuwa na madhara yake. Kwa kuwa sasa kila mtu alikimbilia ukoo mmoja, mbwa wengi wakawa ndugu wa karibu. Na wale waliopenda umbo la chini na mgongo mrefu wakaendelea kulivuta upande huo hata baada ya kapteni kufariki tarehe 22 Aprili 1936, siku ileile ya kuzaliwa kwa chama chake, miaka 37 baadaye. Katika nusu ya pili ya karne, baadhi ya mbwa wa maonyesho walikuwa na migongo iliyoinamia nyuma kama paa la banda, wakitembea karibu wakae. Kosa lilikuwa lilelile la miaka ya 1920, ila limegeuka upande: umbo liliamuliwa na jicho, kazi haikuulizwa.

Mbwa wa usiku wa Uingereza

Ujerumani haikuwa peke yake katika mtihani huu. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na mashamba makubwa ya mabwana, yenye ndege na sungura wa kuwindwa, na majangili walioingia usiku. Adhabu ilikuwa kali kiasi kwamba jangili aliyebanwa aliona heri kupigana. Walinzi wa mashamba hayo walihitaji mbwa wa kumwangusha mtu gizani na kumbana chini bila kumrarua.

Walijaribu mastiff, mbwa mkubwa wa kale wa Kiingereza, wakamwona mzito na mchelewaji. Walijaribu buldogi wa zamani, ambaye alikuwa mrefu na mwepesi kuliko wa leo, wakamwona mkali mno na mdogo kwa kazi ile. Wakawachanganya. Waliokuja kuusawazisha mchanganyiko huo waliuhesabu asilimia 60 mastiff na asilimia 40 buldogi, na walinzi walipendelea wenye rangi ya giza yenye mistari, wasioonekana usiku. Mwaka 1901 mfugaji mmoja, Burton wa Thorneywood, alimpeleka mbwa wake kwenye maonyesho akiwa amefungwa mdomo, akaahidi pauni moja kwa mtu yeyote atakayeweza kumtoroka. Aliyejitokeza aliangushwa chini kila alipoinuka. Mwaka 1924 aina hiyo ilitambuliwa rasmi kwa jina la bullmastiff, na dume wake leo ana kilo 50 hadi 59.

Mastiff mwenyewe, aliyebakia bila kazi ya usiku, akaendelea kukua. Mwaka 1989 mmoja wao, Zorba wa Uingereza, aliandikwa kwenye kitabu cha rekodi za Guinness akiwa na zaidi ya kilo 155, uzito wa wanaume wawili wenye afya. Ni mnyama wa kustaajabisha. Lakini hakuna mlinzi wa 1901 ambaye angemchukua msituni usiku, kwa kuwa jangili wa kilo 60 angemwacha nyuma kwa miguu yake mwenyewe.

Mchi ndani ya kinu

Hadi hapa wafugaji walibishana juu ya kimo cha mbwa mzima. Walichokuwa hawajakijua vizuri ni gharama ya safari ya kufika pale.

German Shepherd huzaliwa akiwa na nusu kilo hivi. Baada ya mwaka na nusu ana kilo 35, mara 70 ya alivyoanza. Mtoto wa binadamu huchukua miaka 18 kuongezeka mara 20. Kipindi cha kasi zaidi ni kati ya miezi 3 na 6, ambapo mtoto wa mbwa wa aina kubwa anaweza kuongeza zaidi ya kilo moja kwa wiki. Mwili wote huo mpya unabebwa na mifupa ambayo ncha zake bado ni gegedu laini. Ushike mguu wa mbele wa mtoto wa mbwa wa miezi minne, juu kidogo ya wayo, utahisi kinundu. Wengi hudhani ni mfupa mnene. Ni sehemu inayokua, ambayo kwa mbwa mkubwa haifungi kabisa hadi anapokaribia mwaka au kupita.

Nyonga ndiyo inayoumia zaidi. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya nyonga kama mchi ndani ya kinu, na mtoto wa mbwa huzaliwa mchi na kinu vikilingana. Tatizo ni kwamba kinu hicho bado ni mti mbichi. Ikiwa mishipa inayoshikilia ni milegevu, na uzito wa juu unaongezeka haraka kuliko misuli inavyokomaa, mchi unachezacheza, unakwangua kingo, na kinu kinakauka kikiwa bapa kama sahani. Mbwa anakuwa kilema akiwa kijana.

Mwaka 1935 daktari wa mifugo wa Boston, Gerry Schnelle, alieleza kasoro hiyo kwa mbwa kwa kutumia picha za eksirei. Mwanzoni ilionekana ajabu ya nadra. Picha zilipozidi kupigwa, ikaonekana kila mahali palipokuwa na mbwa wakubwa. Mwaka 1966 mambo mawili yalitokea pande mbili za bahari: SV ilianza kuwagongea muhuri wa herufi "a" mbwa waliopigwa picha na nyonga zao kukubaliwa, na Marekani ikaanzishwa taasisi ya kusoma picha za nyonga, kwa msukumo wa John M. Olin, tajiri wa viwanda vya silaha aliyechoshwa na kuona mbwa wake wa kuwindia wakichechemea. Taasisi hiyo haitoi cheti cha mwisho kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Kabla ya hapo, kinu hakijakauka.

Damu ni sehemu moja ya habari. Sehemu ya pili iko kwenye bakuli. Mwaka 1974 Åke Hedhammar na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha utafiti wa watoto wa mbwa wa aina ya Great Dane. Kundi moja lilikula chakula kizuri kadiri lilivyotaka, jingine likapewa theluthi mbili ya kiasi hicho. Wale walioshiba bila kikomo walikua haraka, na ndio waliopata mifupa mibovu. Mwaka 1985 Herman Hazewinkel wa Utrecht, Uholanzi, akaonyesha jambo lililowashtua wapenda dawa za mifupa: mtoto wa mbwa mdogo hawezi kuizuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini. Ukimzidishia, anaipokea kwa wingi, na mifupa inakosea kujijenga. Baadaye Wamarekani waliwalea mbwa 48 wa aina ya Labrador kutoka utotoni hadi kifo, nusu yao wakipewa chakula pungufu kwa robo. Waliopunguziwa walikuwa na nyonga bora, na umri wao wa kati ulikuwa miaka 13, dhidi ya 11.2 ya wenzao.

Tena mbwa aliyelelewa polepole hapotezi kimo chake. Kimo kimeandikwa kwenye damu. Chakula kinaamua tu atafika lini, na akiwa na viungo vya aina gani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ila kwa mbwa mkubwa methali hiyo inahitaji rula na mizani.

Kando ya barabara za Nairobi utawakuta vijana wanaouza watoto wa mbwa wakiwa mikononi. Mmoja akiona gari limepunguza mwendo, ananyanyua mguu wa mbele wa kitoto chake na kukionyesha kile kinundu: "Ona hii mguu, boss. Huyu atakuwa simba." Mnunuzi anaondoka na ushauri wa bure: mpe mifupa, mpe unga wa kalsiamu, mpe chakula mpaka akatae. Ni ushauri uleule uliojaribiwa Cornell na Utrecht, na majibu yake yanajulikana.

Waswahili husema ukubwa ni jaa, wakimaanisha mkubwa hubeba takataka za kila mtu. Kwa mbwa, jaa hilo ni nyonga.

Mwaka 2007 Nathan Sutter, Elaine Ostrander na wenzao walipata mojawapo ya swichi za ukubwa huu, jeni iitwayo IGF1. Toleo moja la jeni hiyo lilikuwa limejaa kwa mbwa wadogo wa kila aina, na adimu kwa wakubwa. Wengi walidhani udogo ni mageuzi mapya ya watu waliotaka mbwa wa mapajani. Mwaka 2022 ikabainika kinyume: toleo la jeni la udogo lilikutwa kwenye mabaki ya mbwa mwitu wa Siberia wa miaka 54,000 iliyopita, kabla binadamu hajawa na mbwa. Asili ilikuwa na mizani yake tangu zamani, na mizani hiyo haidanganyiki: mbwa wa aina kubwa kabisa hufa wakiwa na miaka 7 au 8, huku mbwa wadogo wakifika 14.

Mdogo aliyechukua kazi

Tarehe 15 Novemba 1891, miaka saba na ushee kabla ya Karlsruhe, Profesa Adolphe Reul aliwakusanya mbwa wa wachungaji 117 katika shule ya udaktari wa mifugo ya Cureghem, Brussels, ili aone kama Ubelgiji ina aina yake. Ilikuwa nayo. Wale wenye manyoya mafupi wa eneo la Mechelen, mji ambao Wafaransa huuita Malines, wakaitwa Malinois. Dume wao ana sentimita 60 hadi 66, karibu sawa na German Shepherd, lakini uzito wake ni kilo 25 hadi 30 tu.

Kwa miaka mingi alikuwa katika kivuli cha Mjerumani. Kilichomwokoa ni kutopendwa na maonyesho. Uholanzi ilikuwa na chama cha mbwa wa polisi tangu 1907, KNPV, ambacho hata leo hakijali cheti cha ukoo. Mbwa akifaulu mtihani amefaulu, hata kama baba yake hana jina. Katika mikono ya watu wa aina hiyo, wengi wao wafanyakazi wa kawaida waliofunza mbwa baada ya kazi, Malinois alibaki kupimwa na kuta, maji na mtu anayekimbia.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 20, majeshi na polisi wa nchi nyingi wakaanza kumhamia. Hesabu yake ni ya darasani: nishati ya mgongano ni nusu ya uzito, mara mwendo, mara mwendo tena. Tuseme mbwa wa kilo 45 anafika kwa mita 8 kwa sekunde. Ana jouli 1,440. Mwenzake wa kilo 30 akifika kwa mita 10 kwa sekunde ana jouli 1,500, na amemfikia mwizi mapema zaidi. Isitoshe, askari anaweza kumbeba begani, kumpandisha ukutani, kumteremsha kwa kamba kutoka helikopta. Tarehe 2 Mei 2011, wanajeshi wa Marekani walipovamia nyumba ya Osama bin Laden mjini Abbottabad, mbwa waliyekuwa naye, Cairo, alikuwa Malinois.

Jua nalo lina kauli yake. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema. Kadiri mwili unavyokuwa mkubwa, ndivyo joto linalozalishwa ndani linavyouzidi upana wa ngozi na ulimi wa kulitolea nje. Mbwa anayefuata nyayo za jangili kwenye mbuga za Tanzania au Kenya saa nne asubuhi hana anasa ya kilo za ziada.

Katika ukaguzi wa mbwa wa kuzalisha, mwamuzi bado huweka fimbo ya kupimia ubavuni mwa mbwa, anashusha mkono wa fimbo hadi juu ya mabega na kusoma namba. Kisha anaomba mbwa atembezwe, mbele na nyuma, halafu kwa mchakamchaka, yeye akisogea kando ili amwone vizuri. Namba inaandikwa kwanza, lakini uamuzi unatoka kwenye mwendo.

Mchungaji wa Thüringen hakuwa na fimbo hiyo, na angesimamishwa kando ya barabara ya Nairobi asingetazama kinundu cha mguu wala kuuliza simba atafika kimo gani. Angemwambia kijana amlete mama wa mbwa yule, kisha angerudi hatua chache nyuma na kumtazama akitembea.